Sababu ya Sita

Katika shule ile hakuna jambo lililowahi kutokea duniani kwa sababu moja. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na sababu sita. Mapinduzi ya viwanda yalikuwa na sababu sita, faida sita na madhara sita. Falme zilipanda kwa mambo sita, zikaanguka kwa mambo sita mengine. Mtihani uliuliza sita kila mwaka, basi historia nayo, kama mpangaji mwenye adabu, ikajibana ikatosha ndani ya vyumba sita.

Mwenye funguo za vyumba hivyo alikuwa mwalimu wa historia, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo bega lake la kulia lilikuwa jeupe kwa chaki tangu wazazi wa wanafunzi wake walipokuwa wanafunzi wake. Walimwita Tarehe. Ukimwamkia asubuhi ataitikia "Marahaba" vizuri tu, halafu atakukumbusha kwamba siku kama hiyo, mwaka fulani, mfalme fulani alikatwa kichwa, kisha ataendelea na safari yake akikuachia wewe hiyo maiti.

Kipindi cha kwanza cha kila mwaka aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa: HISTORIA BILA CHANZO NI UMBEA. Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyewahi kumuuliza maneno hayo chanzo chake ni nini.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, kipindi cha tatu, alikuwa akirudia Uasi wa Wapagazi na kidato cha nne. Hiyo ndiyo ilikuwa mada ya fahari kuliko zote katika historia ya taifa: wabeba mizigo waliotua mizigo yao siku moja, wakawageukia wakoloni, wakapigana miezi saba. Hakuna mtihani ulioiacha, na hakuna aliyeifundisha kama Tarehe, kwa kuwa sababu zake sita alikuwa amezitungia beti.

"Moja, mbili, tatu!" akasema, akipiga meza kwa kifutio.

Darasa zima likaimba:

"Kodi kubwa na viboko, ujira wa kudhulumu,
Dharau, shamba haliko, chumvi ikawa adimu!"

Tarehe akafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja kitu chake mwenyewe. Alipoyafumbua, palikuwa na mkono juu.

Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa binti wa fundi baiskeli, msichana mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa sababu hata akiambiwa mvua inanyesha alitoka nje kuhakikisha.

"Ameanza huyo," mmoja akaguna.

"Wakili, tuhurumie, kengele inakaribia!"

"Mwalimu, ni swali dogo tu," akasema Wakili, akiwa tayari amesimama na madaftari mawili mkononi.

"Uliza, binti yangu."

"Mwaka jana, mwezi wa tatu, ulitufundisha biashara ya misafara. Ninayo hapa. Ulituandikia mizigo waliyobeba wapagazi. Moja, pembe. Mbili, ngozi. Tatu, chumvi."

"Sawa."

"Ukasema chumvi hiyo ilitoka kwenye visima vilivyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka kambi yao. Na ukasema sehemu ya ujira walilipwa kwa chumvi."

"Nilisema," Tarehe akakiri.

"Sasa mwalimu, mtu anashinda na gunia la chumvi kichwani. Jioni analipwa chumvi. Usiku analala jirani na kisima cha chumvi. Huyo mtu anakosaje chumvi mpaka aingie vitani?"

Vichwa vyote vikamgeukia Tarehe. Halafu sauti moja ikatoka nyuma: "Labda walikuwa waaminifu!" Kicheko kikalipuka, na kengele, Mungu aibariki, ikalia.

"Swali zuri sana," Tarehe akasema, akikusanya chaki zake. "Tutalijibu kipindi kijacho."

Kipindi kijacho ilikuwa nchi ya mbali ambako Tarehe aliyahamishia maswali yote magumu. Yalikaa huko, yakaoana, yakazaa.

Safari hii lakini swali lilimfuata hadi ofisi ya walimu. Katika miaka ishirini na minane, huyu mtoto ndiye alikuwa wa kwanza kuweka daftari la mwezi wa tatu kando ya daftari la mwezi wa nane. Hata yeye mwenyewe Tarehe hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa akifundisha chumvi imejaa mwezi wa tatu, akifundisha chumvi imekwisha mwezi wa nane, na katikati hapo hakuwahi kujiuliza nani ameila.

Kwa kweli hakuna aliyeila. Chumvi ile ilikosekana mahali pamoja tu duniani, napo ni kwenye yai.

Alikuwa kijana wakati huo, mwalimu wa wiki mbili, bwana harusi wa siku nne. Kitabu pekee cha historia ya taifa kilichokuwepo shuleni kilikuwa na sababu tano za Uasi wa Wapagazi, na ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa. Labda huko ilikuwepo ya sita, labda palikuwa na picha ya daraja. Mungu ndiye ajuaye, na aliyeuchana. Mtihani ulitaka sita. Kipindi kilikuwa baada ya dakika kumi. Kijana yule aliketi ofisini na andalio la somo mbele yake, lile daftari ambalo mwalimu huandika atakachofundisha kabla ya kwenda kukifundisha, akawa anatafuna yai la kuchemsha alilofungiwa na mke wake mpya. Yai halikuwa na chumvi. Alitafuna, akaumia, akatazama ile namba sita iliyokuwa ikimsubiri peke yake chini ya ukurasa, na kalamu ikaandika: "Uhaba wa chumvi."

Nia yake ilikuwa kuirekebisha kesho yake.

Mwaka ule mtihani ukauliza sababu sita. Wasahihishaji nao walikuwa na kitabu kilekile, labda na ukurasa wao pia umechanwa, kwa hiyo walipoona shule moja nzima imeandika chumvi, kwa uhakika na kwa ufafanuzi, walishusha pumzi wakaitia kwenye mwongozo wa kusahihishia. Shule ile ikaongoza. Mwaka uliofuata shule nyingine zikaja kunakili. Kikatoka kijitabu cha marudio chenye chumvi. Shule moja ikaongeza kwamba wanawake waliandamana na vibuyu vitupu. Nyingine ikataja na idadi ya vibuyu. Miaka sita iliyopita ikasimamishwa sanamu kwenye mzunguko wa barabara kuu: mpagazi wa shaba, kifua wazi, amenyanyua mfuko mtupu juu kama anayeuonyesha umma. Tarehe alialikwa, akakaa mstari wa pili, akapiga makofi.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Tarehe ilikuwa na miaka ishirini na minane, na sasa ilikuwa imetiwa lami, tena ina mzunguko.

Ile mistari miwili ya shairi ndiyo iliyoimaliza kazi. Mara nyingi aliwahi kufikiria kuitoa chumvi kimyakimya, lakini ukiitoa chumvi kina kinavunjika, na ni rahisi zaidi kwa watu kuuvumilia uongo karne nzima kuliko kukivumilia kina kilichovunjika siku moja.

*

Mwezi wa tisa ukaja mtihani wa majaribio wa shule nane, na mwaka huu ulikuja na kitu ambacho haukuwahi kuja nacho: mwanafunzi atakayeongoza somo la historia angesomeshwa bure vidato viwili vya juu. Nafasi ilikuwa moja. Wakili aliitaka kama kiu inavyotaka maji, kwa kuwa baba yake alikuwa na watoto watano na pampu mbili, na alikwishamwambia waziwazi kwamba baada ya kidato cha nne angemfundisha kuziba pancha.

Walimu walisahihishia kwenye bwalo la shule, kila meza na swali lake. Karatasi ilipita meza hadi meza, ikilambwa na kalamu nyekundu hapa na pale, bila jina, na namba tu. Swali la nne lilisema: "Eleza sababu sita za Uasi wa Wapagazi." Nani mwingine angekabidhiwa hilo? Tarehe alipewa meza peke yake, na mwongozo alioufahamu kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika: utangulizi alama moja, kila sababu alama tatu, hitimisho alama moja.

Siku ya pili, karibu na saa ya chai, akafikia karatasi ambayo herufi zake zilisimama wima kama watu wanaokataa kuketi. Hakuhitaji jina. Sababu tano zilikuwa safi, moja baada ya nyingine, akatoa alama zote. Kisha akasoma:

"Sababu ya sita haipo. Tumefundishwa kwamba ni uhaba wa chumvi. Lakini wapagazi walibeba chumvi, walilala karibu na chumvi, na walilipwa kwa chumvi. Kama walikosa kitu, hicho hakikuwa chumvi. Anayejua chumvi hii ilitoka wapi naomba atuambie."

Tarehe akaweka kalamu chini. Akaiokota. Akatazama meza ya jirani, ambako mwalimu wa hesabu, aliyeletwa kujumlisha alama, alikuwa anapiga miayo.

"Vipi mwalimu? Umekwama?" akauliza mwalimu wa hesabu.

"Hapana. Mwandiko tu."

Kama angetoa alama, ingekuwa kama amejibu lile swali. Kwa hiyo akafanya alichofanya kila mtu mwenye heshima nyingi na ujasiri haba tangu dunia iumbwe: akafuata mwongozo. Akachora sifuri. Ilikuwa sifuri nzuri, ya mviringo kamili.

Matokeo yakabandikwa Ijumaa. Mwanafunzi wa shule ya ng'ambo ya mto, themanini na nane. Wakili, themanini na sita.

*

Baba yake alikuja Jumatatu asubuhi na mapema, mikono ikiwa bado na grisi. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu akiogopa kugusa kitu.

"Karibu mzazi, kaa."

"Nisikae mwalimu, nitachafua kiti. Nimekuja kumwombea msamaha binti yangu."

"Msamaha wa nini?"

"Nimesikia ameikataa pointi yako. Mwalimu, mimi nimemwambia, mwanangu, si ungeandika tu hiyo chumvi? Chumvi ni nini? Wakitaka chumvi wape chumvi, wakitaka sukari wape sukari, wewe upite. Akaniambia, 'Baba, mtu akikuletea baiskeli nzima akasema haina mnyororo, utamwekea wa pili?'" Fundi akatikisa kichwa, na huzuni yake ilikuwa na chembe ya fahari. "Nimekosa jibu, mwalimu. Ni kweli siwezi kuweka minyororo miwili. Lakini naye sasa hana shule. Jana amekaa na mimi kibandani, akanizibia pancha tatu. Anaziba vizuri. Hilo ndilo linaloniuma."

Tarehe hakuwa na tarehe yoyote ya kumpa. Alimsindikiza hadi getini.

Siku hiyo alirudi nyumbani mchana. Mke wake, mshonaji, alikuwa barazani kwenye cherehani, na sindano mbili mdomoni.

"Mama watoto," akaanza, "unalikumbuka yai?"

"Yai gani?"

"La siku ya nne ya ndoa yetu. Ulinifungia kwenye karatasi. Halikuwa na chumvi."

Mkewe akatoa sindano mdomoni, moja, halafu ya pili. "Baba watoto, miaka ishirini na minane ndiyo unaniletea mashtaka ya yai?"

Akamsimulia. Cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Alipomaliza, mkewe alikaa akiutazama mkono wa gauni aliokuwa akiushona, kama ndio uliosema.

"Jioni ile nilikuuliza," akasema taratibu. "Nikakuuliza, mume wangu, yai lilikuwaje? Ukasema tamu."

"Nilikuwa bwana harusi."

"Kwa hiyo ulinidanganya mimi, ukaona haitoshi, ukaenda kuidanganya nchi."

"Sikukusudia."

"Na ile sanamu! Wewe mwanaume! Ile sanamu tuliyopigia picha na mashemeji! Kumbe lile shaba lote limenyanyua mfuko kuwaonyesha watu kwamba mimi nilisahau chumvi!" Akacheka mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikamkatikia ghafla. "Na wanetu wanne wote wamekariri hapa hapa, mimi nashona nawasikiliza. Nikisema moyoni, baba yao ana kichwa."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Si una sababu sita za kila kitu? Mtoto wa watu haendi shule kwa sababu ya yai langu, na wewe unauliza ufanye nini. Nenda kaseme."

*

Rufaa za matokeo zilisikilizwa Alhamisi, katika chumba cha mikutano cha ofisi ya elimu: meza ndefu, jagi la maji, glasi zilizofunikwa visahani, na karani wa kuandika kila neno. Aliyeongoza kikao alikuwa mkaguzi wa shule, mama wa miaka arobaini na kitu, miwani ikining'inia kifuani. Alipomwona Tarehe anaingia akainuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, mheshimiwa mkaguzi."

"Mwanangu inatosha," akasema, na kweli ilitosha, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wale wa mwaka wa kwanza, darasa la kwanza kabisa kuandika chumvi duniani.

Tarehe hakuketi. Alikuwa amejiandaa njia nzima, na alisema yote kwa pumzi moja: ukurasa uliochanwa, dakika kumi, yai. Akasema msichana yule ameandika ukweli na yeye amempa sifuri kwa woga. Akasema sababu ni tano.

Mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto, ambaye mwanafunzi wake alikuwa na themanini na nane, akakohoa.

"Mwalimu wetu amechoka," akasema kwa upole. "Karibu anastaafu. Hutokea."

"Sijachoka. Niliitunga mimi."

Mkaguzi akavaa miwani. "Mwalimu, uliwahi kutufundisha kwamba historia bila chanzo ni umbea."

"Niliwahi."

"Basi una chanzo? Una ushahidi wowote kwamba uliitunga?"

Hapo Tarehe akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Akafungua gazeti alilokuwa amekumbatia, akatoa daftari la andalio la somo, jalada limepauka, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Akalifungua mahali pake, akalisukuma mezani. Ilikuwepo tarehe. Ilikuwepo mada. Zilikuwepo sababu tano kwa wino wa bluu uliotulia, na ya sita kwa mwandiko wa haraka, na pembeni yake doa la njano lililokauka.

"Hilo doa," akasema Tarehe kwa ushindi, "ni kiini cha yai."

Daftari likazunguka meza. Kila mmoja alilishika kwa ncha za vidole. Mwalimu mkuu wa ng'ambo ya mto alilisogeza karibu na pua.

"Hii ni miaka ishirini na minane," akanong'ona. "Kijitabu cha marudio kina miaka ishirini na mitatu tu."

"Ndiyo," Tarehe akasema. "Kwa sababu mimi ndiye…"

"Yaani hiki ndicho chanzo cha zamani kuliko vyote tulivyonavyo kuhusu chumvi." Mwalimu mkuu akageuka kwa karani. "Andika hapo. Tena kimeandikwa kwa mkono."

"Nilikuwa nakula yai!" Tarehe akapaza sauti.

"Unyenyekevu wako tunaujua, mwalimu," akasema mwingine, na wote wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa. Mtu mmoja akapendekeza daftari lihifadhiwe kwenye kabati la kioo. Pendekezo likaungwa mkono kabla Tarehe hajapata pumzi ya kulipinga.

Mkaguzi peke yake hakutikisa kichwa. Alimwomba Tarehe watoke kidogo kwenye ukumbi mdogo wa nje, akafunga mlango.

"Mwalimu, mimi nakuamini," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini nisikilize. Mimi nilipata nafasi ya kuendelea kwa alama mbili. Mbili. Chumvi yako ilinipa tatu. Ukiiondoa leo, mimi natoka kwenye kile kiti. Na yule karani pale anatoka. Na daktari aliyemtibu mama yangu anatoka. Vyeti vya miaka ishirini na minane, mwalimu, nani atakaa avirudie? Wewe?"

"Lakini si kweli."

"Lisemwalo lipo, mwalimu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni kazi ndogo. Twende."

Wakarudi. Mkaguzi akaivuta karatasi ya Wakili, akaifungua swali la nne, akaweka mwongozo kando yake, na kusoma kwa sauti ile ya watu waliozoea kutii maandishi: "'Sita, uhaba wa chumvi. Mtahiniwa ataje chumvi na kuifafanua. Alama tatu.' Hayo ni maneno yako, mwalimu?"

"Yangu."

"Je, ametaja chumvi?" Akapitisha kidole kwenye mistari, midomo ikihesabu. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano…" Akanyanyua uso. "Mara sita. Ameifafanua?"

"Ameikanusha!"

"Mwongozo hausemi asikanushe. Ametaja, amefafanua kwa kirefu kuliko mwanafunzi yeyote. Tatu kwa tatu." Kalamu nyekundu ikaigeuza sifuri ya Tarehe kuwa kitu kama nane iliyolewa, ikaandika tatu juu yake. "Themanini na tisa. Kikao kimefungwa."

Mwalimu mkuu wa ng'ambo ya mto alifungua mdomo, akaukumbuka mwongozo, akaufunga.

*

Alimkuta Wakili kibandani kwa baba yake, ameinamia beseni la maji, anazungusha mpira wa baiskeli akitafuta mapovu. Baba alikuwa kando anakaza spoku. Tarehe akawaeleza, kwa ukamilifu, hakuacha hata doa la yai.

Fundi akadondosha spana. "Themanini na tisa! Mwanangu! Umepata!"

Wakili hakuinuka. Povu moja lilitoka mpirani, akaliwekea kidole.

"Wamenipa alama kwa kuwa nimeandika chumvi?"

"Ndiyo, binti yangu."

"Si kwa sababu ni kweli?"

"Hapana."

"Basi nirudishie sifuri yangu, mwalimu."

"Wewe mtoto!" baba akapiga yowe. "Una wazimu? Sifuri ya nini? Utaipanda? Utaivaa?"

"Ile niliipata kwa haki, baba."

"Kikao kimefungwa," Tarehe akasema. "Hata mimi nilijaribu kuwarudishia sababu moja, wamekataa kuipokea."

Kidole cha Wakili kilikuwa bado kimeziba tundu. Tarehe alimwona anapigana, na alijua anapigana na nani: upande huu vidato viwili na vitabu, upande ule beseni na mapovu. Hatimaye akakausha mkono kwenye sketi.

"Nitaenda," akasema, kwa hasira, kama mtu anayekubali kupewa zawadi na adui. "Lakini mdogo wangu yuko kidato cha pili, na wewe unawafundisha kesho Uasi wa Wapagazi. Amenionyesha ratiba. Nikirudi likizo nitamwomba daftari lake, na nitaliweka kando ya langu."

"Utakuta tano," Tarehe akasema. "Nakuahidi."

*

Hakulala vizuri, lakini aliamka mwepesi. Aliingia kidato cha pili akiwa amepangusa chaki begani, jambo lililowashtua wanafunzi wa mbele. Mdogo wake Wakili alikuwa dawati la tatu, penseli nyuma ya sikio.

Tarehe akaandika kichwa cha somo. Akaandika moja, kodi. Mbili, viboko. Tatu, ujira. Nne, dharau. Tano, mashamba. Mkono, kwa mazoea ya miaka ishirini na minane, ukaandika namba sita kabla hajauzuia. Akausimamisha hapo hapo. Akaitazama namba ile iliyosimama peke yake chini ya ubao, kama alivyoitazama zamani, ila safari hii alikuwa ameshiba.

Akageuka.

"Mwalimu, ya sita?" kiranja akauliza.

"Watu wengi watawaambia ni chumvi," Tarehe akasema. "Kwenye vitabu mtaikuta chumvi. Barabarani mtaikuta ya shaba. Mimi mwalimu wenu ninawaambia leo, bila kuficha: sababu ya sita hatujui."

Nzi mmoja aligonga dirisha. Tarehe alihisi mzigo unatua kutoka kichwani mwake, gunia zima, na akafikiri kwamba labda hivi ndivyo walivyojisikia wale watu, siku ile walipotua.

Halafu vichwa arobaini na saba vikainama kwa pamoja, na kalamu arobaini na saba zikaanza kukwaruza. Akashuka katikati ya madawati kutazama. Kila daftari, kwa mwandiko safi, lilikuwa limeandika kitu kilekile: "6. Hatujui." Wengine walikuwa wameipigia mstari kwa rula.

Mdogo wake Wakili akanyoosha mkono.

"Ndiyo, binti," Tarehe akasema, akimtegemea Mungu na damu ya ukoo ule.

"Mwalimu, hiyo ya sita tuifafanue kwa mistari mingapi?"